Karakana Isiyo na Msumari

Msumari hauingii katika karakana ya Emoru,
hata wa kutundikia kalenda.
Kalenda tumeigandisha ukutani kwa gundi,
na mwezi ukiisha tunauchana pamoja na chokaa.

Hiyo ndiyo sheria ya kwanza niliyofundishwa hapa Ongino.
Ya pili: kata kucha mpaka karibu na nyama,
kwa maana ukucha hausikii,
unakwaruza tu.

Husemwa kitanda usichokilalia
hujui kunguni wake.
Mama Asekenye amekilalia chake miaka arobaini
na kunguni hawajui.
Nyayo zake zilizimika angali msichana,
kimya kimya, kama kibatari kilichoishiwa mafuta
wenye nyumba wamelala.
Akikanyaga mwiba, anaujua kwa damu.
Akikanyaga kaa la moto, analijua kwa harufu.

Basi tunampima.
Namwaga jivu laini juu ya karatasi ya mfuko wa saruji,
anasimama, ananishika kichwani asianguke
(kiganja nacho kina ganzi, kinapapasa nywele zangu
kama mtu atafutaye kitasa gizani),
anashuka.
Jivuni inabaki ramani:
hapa uzito unalala,
hapa hapagusi,
hapa palikuwa na vidole vitatu.
Nafuatisha kwa penseli. Nakata sponji. Nakata tairi
la lori lililobeba pamba enzi za baba zetu.

Mwaka wangu wa kwanza nilijiona fundi.
Nilimshonea makubazi ya kuvutia macho,
uzi mweupe juu ya ngozi nyeusi,
mishono imepangana kama meno ya mtoto.
Niliyatazama kushoto, nikayatazama kulia.
Sikuyatazama kwa vidole.

Alirudi baada ya gulio la tatu, anatabasamu.
"Mepesi, mwanangu! Hata sijui kama nimevaa."
Nilipomvua,
fundo la uzi, dogo kama punje ya wimbi,
lilikuwa limemchimba shimo
la kutosha ncha ya kidole changu.
Alitembea nalo kutoka Mukongoro.
Njiani, alisema, alikuwa akiimba.

Emoru hakunifokea.
Alinifunga macho kwa kitambaa cha kufutia gundi,
akauingiza mkono wangu ndani ya kiatu, mpaka mwisho, akaushikilia humo.
"Jicho linapenda kusifiwa," alisema.
"Wewe ndiye unyayo wake sasa.
Kama kuna la kulia, lilie wewe,
humu ndani, kabla hajavaa."

Tangu hapo napitisha kiganja,
kisha mgongo wa mkono,
kisha pale kwenye kifundo, juu ya mshipa,
ambapo ngozi haijazoea kazi.
Nyumbani pia siachi. Napapasa ukosi wa shati la mwanangu,
ukingo wa kikombe, mpini wa jembe la mke wangu.
Mke wangu anacheka:
"Leo umekuja kununua, au umekuja kula?"
Lakini ule mpini niliukwangua kidogo, upande wa kidole gumba,
na hajauliza kwa nini malengelenge yamekoma.

Jana Asekenye alikuja kuchukua jozi mpya.
Hakuiweka chini.
Alikiinua cha kushoto kwa viganja viwili,
kama mtu aliyepokea bakuli la uji,
akakiegemeza shavuni, macho kafumba.
Huko taa bado inawaka.
Akakizungusha polepole, wayo wote, shavuni,
muda wa kuvuta pombe mrijani mara mbili.
Kisha akakigeuza, akanionyesha kwa kidole kilichobaki
mahali karibu na kisigino.

Nikagusa. Hakuna kitu.
Nikafumba macho, nikagusa tena kwa mgongo wa mkono. Hakuna.
Nikakipeleka shavuni mwangu,
sponji ingali na joto lake.

Kulikuwa na kitu.

Emoru alinyoosha mkono kunipa kisu
bila kuinua kichwa.